Mtu Akiwa Ndani

Maiti ilikuwa ndani ya pipa la kukandia unga, miguu ikining'inia nje, kama mtu aliyechoka akaamua kujipumzisha kidogo. Unga ulikuwa umemjaa hadi kwenye nyusi.

Inspekta alisimama mlangoni akihema. Chumba cha kukandia kilikuwa juu ghorofani, na goti lake la kulia lilikuwa limemsuta kila ngazi. Chai hakuwa amekunywa. Aliitazama maiti, akavitazama viatu vyake vyeusi vilivyokwisha kuwa vyeupe, akaomba kimoyomoyo: iwe ajali, ee Mungu, hii iwe ajali.

Ni dua mbaya kwa mpelelezi, lakini tusimlaumu. Amezika miaka yake yote katika kazi hii. Wenzake waliojua kupinda sasa wana ofisi zenye mazulia, na yeye bado anapanda ngazi za watu kutazama wafu. Mtu wa namna hiyo akiomba ajali, mwachie aombe.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Msimamizi wa zamu ya asubuhi, afande," koplo alijibu. Koplo alikuwa kijana mnene, mcheshi, ambaye hata msibani ulimi haukumtulia. "Hapa wanamwita Rula."

"Rula?"

"Kwa kunyooka. Wanasema hakuwahi kupinda hata kwa bahati mbaya."

Nje, kwenye ukumbi mwembamba, wafanyakazi walisimama wamejipanga ukutani na aproni zao nyeupe. Majiko ya kuokea yalikuwa baridi. Kiwanda kizima cha mikate kilikuwa kimya, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kusema.

Kando ya mashine, ukutani, palikuwa na swichi kuu. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli jekundu.

"Fungueni hii swichi," Inspekta alisema. "Daktari anataka pipa lizungushwe kidogo tumtoe vizuri."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema fungueni. Au hapa napo nisome dua?"

Mtunza stoo alijitokeza, mzee mfupi mwenye penseli sikioni. "Samahani, afande. Hatuwezi. Aliyefunga ndiye anayefungua."

"Aliyefunga si huyu hapa?"

"Hatujui. Ndiyo maana hatugusi." Mzee akaeleza taratibu. "Kila mfanyakazi ana kufuli lake, na ufunguo mmoja tu. Ukitaka kuingia kwenye mashine kusafisha, unafunga swichi kwanza, ufunguo unauweka mfukoni. Hapo hata mwenye kiwanda aje na hasira zake, mashine haiwaki. Mtu akiwa ndani, kufuli halitoki. Rula mwenyewe ndiye aliyetukaririsha."

Meneja alifika akijifuta jasho, tai imekaa upande. "Inspekta, mbona jambo liko wazi? Alikuja mapema kama kawaida yake. Akafunga swichi, akapanda kusafisha pipa, akateleza, akapiga kisogo kwenye chuma. Ajali. Inasikitisha sana, lakini ajali."

Inspekta alimpenda meneja yule kwa dakika moja nzima.

Kisha koplo, aliyekuwa ameinama kwenye maiti, akainua pindo la aproni. "Afande. Njoo uone balaa."

Kwenye mkanda wa marehemu lilining'inia kufuli jekundu, la zamani, lenye michubuko, na ufunguo wake umefungwa pembeni kwa uzi.

"La kwake hili hapa," koplo alisema. "Sasa lile la ukutani ni la nani?"

Inspekta alifumba macho. Dua yake ilikuwa imerudishwa.

Maiti ikatolewa bila pipa kuzungushwa, kwa mikono ya watu waliokuwa wakilia wazi. Daktari wa polisi aliichunguza sakafuni, juu ya turubai.

"Ameanguka kinyumenyume," alisema. "Hakuteleza. Tazama kifuani. Unaona huu wekundu? Amesukumwa. Kiganja kimoja, nguvu zote."

"Kimoja?"

"Kimoja. Na hakufa papo hapo. Kuna mtu alijaribu kumnyanyua atoke. Shati limevutwa, vifungo vimekatika, lakini bega la upande mmoja tu. Ukimnyanyua mtu mzito hivi, unamkamata pande zote mbili. Huyu kakamatwa upande mmoja, tena na tena."

"Kwa hiyo aliyemuua alijaribu kumwokoa," koplo alisema. "Makubwa haya."

Waliwaita wafanyakazi mmojammoja. Maswali yalikuwa mafupi.

"Kufuli lako liko wapi?"

"Hili hapa, afande."

"Ulifika saa ngapi?"

"Na wenzangu, kwenye gari la kiwanda. Tumekuta mlango wazi na yeye humo."

"Mwasha mashine ni nani?"

"Mimi." Kijana mwembamba, aproni ameikunja mkononi. "Kila asubuhi nikifika tu, hata taa sijawasha, navuta swichi ipashe moto, halafu ndiyo navaa aproni. Sitazamagi ndani. Leo nimevuta, ikagoma. Nikaona kufuli. Ndipo nikatazama." Akaanza kulia. "Afande, lisingekuwepo lile kufuli, ningemsaga."

Kila mtu alikuwa na kufuli lake. Yote yalikuwa yamechakaa, rangi imebanduka, tundu za funguo zimejaa unga uliokauka. Inspekta akarudi kwenye lile la ukutani, akalimulika kwa tochi. Lilikuwa jipya. Tundu lake safi. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa upelelezi.

"Nimeambiwa ni ajali kazini. Funga jalada, kuna mambo ya maana huku."

"Kuna kufuli, mkuu."

"Kuna nini?"

"Kufuli."

"Wewe unastaafu lini?"

"Mwakani, mkuu."

"Basi staafu salama, baba. Usistaafu na kufuli."

Inspekta akairudisha simu mfukoni. Angeweza kufunga jalada. Meneja alitaka, mkuu alitaka, na goti lake lilitaka kuliko wote. Lakini akili yake ilikuwa na tabia ya kuuliza swali moja zaidi, ugonjwa ambao hakuwahi kuupatia dawa.

Alimfuata mtunza stoo hadi stoo kwake, chumba chenye harufu ya hamira, magunia hadi darini.

"Mzee, ukimpa mtu kufuli halafu hajalitumia hata mara moja, linakuwaje?"

"Linakuwa kama lile."

"Nani hapa alikuwa hatumii kufuli lake?"

Mzee akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Afande, mimi mdomo wangu huu..."

"Mzee wangu, nimechoka. Nisaidie."

"Wote wanaoacha kazi hurudisha makufuli. Wote. Ila mmoja. Yule aliondoka hapa kwa gari la wagonjwa, na nani angekuwa na roho ya kumdai kufuli? Tulimwita Fasta. Kila kitu yeye ni fasta fasta. Kufunga swichi alikuwa anaona ni kupoteza muda. Siku hiyo oda ilikuwa kubwa, meneja kamsimamia mgongoni anampigia kelele. Akaingiza mkono kuondoa donge lililokwama. Mwingine bila kujua akawasha." Mzee akagusa mkono wake mwenyewe wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. "Mpaka hapa."

Kiganja kimoja. Bega moja. Inspekta akaegemea gunia.

"Rula alihusika vipi?"

"Ofisi ya kazi ilikuja kuuliza. Swali lilikuwa moja: alifunga au hakufunga? Kama alifunga na mashine bado ikawaka, basi swichi mbovu, kosa la kiwanda. Kama hakufunga, uzembe wake mwenyewe, na hapati kitu, tena hakuna kiwanda kitakachomchukua. Shahidi aliyekuwa karibu ni Rula. Sote tulijua angesema nini, lakini sote tuliomba asiseme." Mzee akatikisa kichwa. "Akasema. Hakufunga. Machozi yanamtoka, lakini akasema."

"Kwa nini alie?"

"Kwani hukuambiwa? Fasta ni mdogo wake. Tumbo moja. Na leo mchana kesi yake ya fidia ilikuwa inasikilizwa upya, Rula aulizwe tena."

Ndani ya gari, koplo alikaa kimya kwa mara ya kwanza siku hiyo. Haikudumu.

"Afande, hivi tuseme ukweli. Rula angetamka neno moja tu, alifunga, leo yeye yuko hai na mdogo wake yuko huru. Nani angeumia? Kiwanda? Kiwanda kina majiko sita."

"Hmm."

"Na huyo Fasta naye. Angekuwa hana utu hata kidogo, angeng'oa kufuli lake akaenda zake. Kijana angewasha mashine. Pale tungekuta nini? Hata daktari asingejua pa kuanzia. Ajali, jalada linafungwa, tunakunywa chai. Kilichomponza ni utu. Sasa haya maadili tunayofundishwa tangu utotoni, yanamjenga mtu au yanamfunga miguu?"

"Koplo."

"Afande."

"Endesha gari."

Swali lenyewe alikuwa amelala nalo miaka mingi kuliko umri wa koplo.

Nyumba aliyoishi Fasta na mama yake ilikuwa ya vyumba viwili, mlango wa bati unaolia ukiusukuma. Kizingitini palikuwa na ndoo yenye suruali iliyolowekwa. Maji yake yalikuwa meupe, mazito. Inspekta aliiona ndoo. Koplo aliona kwamba Inspekta ameiona, na akaona pia jinsi alivyogeuza uso upande mwingine.

Mama mtu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwanamke mkavu, mrefu hata akiwa amekaa. Alikuwa anashona shati la kiume. Alikuwa ameng'oa vifungo vyote vya kawaida na sasa anatia vile vya kubana, ambavyo mtu anaweza kuvifunga kwa mkono mmoja. Habari zilikuwa zimemfikia. Macho yalikuwa mekundu, lakini sindano haikusimama.

"Mama, pole sana," Inspekta alisema, akijishusha kwenye kigoda huku goti likilia.

"Nishapoa, mwanangu. Jirani amekwisha kuniambia. Amekwenda kuwaita ndugu." Akavuta uzi. "Mkubwa wangu alikuwa mtu mzuri."

"Wote wamesema hivyo."

"Wamesema pia kwamba aliteleza?"

Inspekta alitoa kalamu na daftari. "Yule mdogo yuko wapi?"

"Chumbani. Amelala." Kichwa chake kilielekea pazia lililoziba mlango wa ndani. "Tangu mkewe aende kwao na watoto, halali usiku. Analala mchana."

"Leo alfajiri alikuwa wapi?"

Sindano ikasimama.

Hapo Inspekta alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake. Aliifunga kalamu yake. Akasogea mbele, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, usinijibu haraka. Fikiri. Hakuna mtu aliyeona nani kaingia kiwandani. Wakubwa wangu wanataka iwe ajali. Mwenye kiwanda anataka iwe ajali. Ukiniambia mwanao alikuwa hapa nyumbani, mimi naandika alikuwa hapa, nanyanyuka, naondoka. Umenielewa, mama?"

Koplo aligeuka kumtazama mkubwa wake, mdomo wazi.

Mama alilaza shati magotini.

"Unajua hawa nimewaleaje?" alisema. "Mmoja akivunja kikombe, mwenzake akasema uongo kumfichia, nilikuwa simpigi aliyevunja. Nilikuwa nampiga aliyesema uongo. Kikombe kinanunuliwa, nilikuwa nawaambia, ulimi haununuliwi. Mkubwa yalimwingia kwenye mifupa. Huyu mdogo yaliingia sikio hili yakatokea hili. Nilijua. Mama anajua. Alipokatwa mkono, mkubwa alikuja hapa, akapiga magoti pale ulipokaa, akaniuliza: mama, niseme nini? Nikamwambia unajua niliyokufundisha." Akajifuta uso kwa shati lile lile. "Mimi ndiye niliyemwambia, mwanangu. Si mwingine."

"Mama..."

"Alikuwa hapa." Aliinua kichwa. "Andika. Alikuwa hapa. Hakutoka. Tangu jana jioni tuko naye. Alfajiri amekunywa chai, vikombe viwili, ameniuliza sukari iko wapi, nikamwambia. Nikamwambia kalale. Akalala. Hata mlango haukufunguliwa. Hata... hata paka hakutoka."

Ulikuwa uongo mbaya, uongo wa mtu asiyejua kazi hiyo. Ulikuwa na mengi mno. Midomo yake ilimcheza, shingo ikamtoka mishipa, na mikono iliyotulia kwenye sindano siku ya msiba wa mwanawe sasa ilikuwa inalikunjakunja shati. Na ndoo ilikuwa pale pale mlangoni.

Inspekta akaifungua kalamu. Akaandika: alikuwa nyumbani.

"Mama, acha."

Pazia lilikuwa limesogezwa. Alisimama pale mtu mzima mwenye mabega mapana, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Rudi ndani!" mama alifoka. "Nani kakuita wewe? Rudi ukalale!"

"Acha, mama. Basi."

Akaja akakaa mkekani, karibu naye. Akamtazama Inspekta. "Ni mimi."

"Sikukuuliza," Inspekta alisema.

"Najua. Nimesikia jinsi ambavyo hujaniuliza." Hakuwa na hasira. "Nilikwenda kumwona kabla wenzake hawajafika. Nilijua atakuwa peke yake juu pale, kila siku huwahi kukagua mashine. Nilimwomba. Kaka, leo wakikuuliza, sema nilifunga. Basi. Neno moja. Akaniambia nitasema walikukimbiza, nitasema meneja alikuwa mgongoni kwako, nitasema yote. Lakini kufunga, hukufunga. Nikamwambia najua sikufunga! Ningekuwa nimefunga ningekuja kukubembeleza?"

"Akasema nini?"

"Alikuwa analia. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Analia, halafu anakataa. Nikaona ananicheza shere. Nikaona anapenda jina lake kuliko mimi: Rula, Rula, kila mtu amsifie, na mimi nivae shati kwa meno. Nikamsukuma. Nilitaka tu anyamaze kulia."

"Halafu?"

"Akaangukia ndani. Nikasikia kichwa. Nilikuwa na kufuli mfukoni, nilikuwa nimekwenda nalo nimwonyeshe, nimwambie tuseme hili lilikuwa kwenye swichi. Nikalifunga mbio, nikapanda kumtoa." Akatazama mkono wake uliobaki. "Ni mzito, afande. Kwa mkono mmoja hanyanyuliki. Nimemvuta, anarudi. Nimemvuta, anarudi. Akawa ananitazama. Kisha hanitazami tena."

Mama aliweka kiganja mdomoni.

"Ufunguo ulikuwa nao," Inspekta alisema. "Kwa nini hukuondoka na kufuli?"

Fasta alimshangaa, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la kitoto. "Alikuwa bado yumo ndani."

"Alikwisha kufa."

"Ndiyo. Lakini yumo ndani."

Nje, jirani alikuwa anarudi na watu. Sauti za kilio zilikuwa zinasogea.

"Ungebaki chumbani," Inspekta alisema taratibu, na uchovu wote wa siku ulikuwa kwenye sauti yake. "Nilikuwa nanyanyuka. Kwa nini umetoka?"

Fasta hakumjibu yeye. Alimgeukia mama yake.

"Nimekusikia, mama. Nimesimama nyuma ya pazia nikasikia neno lile nililomwomba kaka, unanipa wewe. Nikachungulia nikakuona uso. Mama, ulikuwa unakufa. Ulikuwa unanipa na huku unakufa." Akaligusa shati magotini mwa mama. "Nilidhani kaka hataki. Siku zote hizi nilidhani hataki. Kumbe alikuwa hawezi."

Mama alimvutia kifuani, mtu mzima yule, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Hapakuwa na la kusema ambalo lingekuwa kweli na likafaa.

Walisubiri hadi ndugu walipojaa nyumbani, ili mama asiachwe peke yake. Kisha koplo akamshika Fasta kwa kiwiko, kwa upole, kwa kuwa pingu hazikuwa na pa kufungwa upande wa pili, naye hakupata mzaha wa kusema juu ya hilo. Mama aliwafuata hadi mlangoni, akamkamata Inspekta mkono.

"Mimi nimemdanganya afisa wa serikali," alisema. "Sheria inasemaje juu yangu?"

"Nenda ukakae na watu, mama."

"Nimekuuliza, mwanangu. Usinifiche."

Inspekta aliutoa mkono wake polepole, akaingia garini.

Walipofika barabara kubwa, koplo alisimamisha gari kando, akafungua daftari magotini mwa mkubwa wake, akaonyesha ule mstari kwa kidole. Alikuwa nyumbani.

"Afande, hili la mama tunaliandikaje?"

Nyuma yao, Fasta alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

Inspekta aliukata mstari ule kwa kalamu, mara moja, kisha mara ya pili, hadi haukusomeka. Tangu aanze kazi hakuwahi kufuta neno la shahidi.

"Andika mama hakuulizwa kitu," alisema. "Na nikiapishwa, hivyo ndivyo nitakavyosema."